Shahada ya uzamili ya ukutubi: jibu kwa mwalimu wa Nachingwea

Swali la msomaji: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika shule moja ya sekondari wilayani Nachingwea, mkoa wa Lindi. Kwa miaka kadhaa nimekabidhiwa maktaba ya shule bila mafunzo yoyote. Mengi nimejifunza kwa kuuliza. Sasa nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya ukutubi na taarifa Dar es Salaam. Nina watoto wawili. Walimu wenzangu wanacheka: kupanga vitabu nako kunataka shahada ya pili? Mimi naogopa mambo matatu. Sina msingi wa fani hii. Nawafahamu wengi walioishia njiani kwenye tasnifu. Na mada niliyoshauriwa, ya matumizi ya TEHAMA katika maktaba za vyuo vikuu vya Dar es Salaam, hainigusi hata kidogo. Maisha ya mwanafunzi wa ngazi hii yakoje hasa, na je, niende?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Nenda. Lakini nianze na hofu yako ya pili, kwa sababu hiyo ndiyo inayoamua mengine yote.

Katika wanafunzi wa uzamili wa fani hii niliowasimamia, na wengine niliowaona wakipita hapa Mtwara kukusanya data, walioangushwa na mitihani ya darasani ni wachache mno. Watu hukwama mwaka wa pili. Vipindi vimekwisha, kila mmoja amerudi kwake, na kilichobaki ni wewe, msimamizi aliye mbali, na faili lenye sura ya kwanza peke yake. Uvivu sio unaowakwamisha, wala uwezo mdogo. Mara nyingi ni mada ambayo mwenyewe hakuwahi kuitaka. Mtu aliyepewa swali asilolijali huweza kulibeba miezi michache kwa nidhamu tu, kisha kazi ya ofisini inamwita, mtoto anaugua, na lile swali halimrudishi mezani. Kwa hiyo ndugu yangu, ushauri ninaouamini kuliko mwingine wowote ni huu: ondoka Nachingwea ukiwa na swali lako mkononi. Usiende Dar es Salaam kulitafuta.

Nitarudi kwenye swali lenyewe. Kwanza hilo la msingi.

S. R. Ranganathan, Mhindi ambaye jina lake utalisikia tangu wiki ya kwanza, alikuwa mhadhiri wa hisabati alipoteuliwa kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924. Ukutubi alikwenda kuusoma London akiwa tayari amepewa kazi. Mwaka 1931 alitoa kanuni tano ambazo hadi leo tunazifundisha: vitabu ni vya kutumiwa, kila msomaji apate kitabu chake, kila kitabu kipate msomaji wake, okoa muda wa msomaji, maktaba ni kiumbe kinachokua. Carol Kuhlthau wa Marekani naye alijenga nadharia yake kwa kuwafuatilia wanafunzi wa sekondari wakihangaika na kazi za maktaba. Wanafunzi wa namna hiyo wewe unakaa nao kila siku. Unajua mtoto wa kidato cha pili anavyosimama mbele ya kabati, anaona haya kuuliza, anaondoka mikono mitupu. Wenzako watakaotoka moja kwa moja kwenye shahada ya kwanza ya ukutubi watakuzidi istilahi, na istilahi hujifunzwa muhula mmoja. Hilo ulilonalo wewe wao watalitafuta mpaka wapate ajira.

Utakachopungukiwa kweli ni uorodheshaji (kuandika rekodi ya kila kitabu) na uainishaji (kukipa namba ya rafu), na hapo sitakupunguzia uzito. Ndiyo masomo yanayowatoa jasho watu waliotoka fani nyingine, kwa sababu yanaonekana ni namba tu kumbe ni maamuzi. Chukua kitabu kinachoeleza jando na unyago kwa Wamakonde. Kwa mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu kwa namba za mada, ukikiweka 392, umesema ni kitabu cha mila za hatua za maisha. Ukikiweka 305.8, umesema ni kitabu cha kabila fulani. Ukikiweka 299.6, umesema ni dini za asili za Kiafrika. Nakala ni moja, rafu ni tatu, na msomaji anayesimama kwenye rafu moja hataiona ile uliyoificha kwenye nyingine. Wanaokucheka kwa kupanga vitabu hawajaona kwamba mpangaji ndiye anayeamua nani akutane na kitabu na nani akikose.

Mfumo huo Dewey aliutoa mwaka 1876 huko Marekani, nao umebeba macho ya wakati na mahali pake. Katika mia mbili, ambazo ni namba za dini, sehemu kubwa kuanzia 220 hadi 280 na zaidi imekwenda kwa Biblia na Ukristo; Uislamu wote umebanwa chini ya 297. Kwa mkutubi wa Lindi mjini au Kilwa Masoko hilo si suala la nadharia. Rafu moja inafurika namba ndefu zisizosomeka, huku rafu za jirani zimekaa wazi. Wakutubi wanabishana juu ya jambo hili duniani kote, nawe utatakiwa uwe na msimamo, uutetee kwa hoja.

Halafu kuna majina. Kanuni nyingi za kuorodhesha zilitungwa na watu wenye jina la ukoo. Kwetu jina la tatu mara nyingi ni la babu, na mwandishi yule yule utamkuta na majina mawili kwenye jalada hili na matatu kwenye jalada lile, au na "bin" hapa na bila "bin" kule. Katalogi ambayo haikuamua mapema itamgawa mtu mmoja kuwa waandishi watatu. Ninakueleza haya kwa urefu kwa sababu unaweza kuanza leo. Chagua vitabu kadhaa vya maktaba yako, kila kimoja kiandikie rekodi kwa mkono ukifuata sehemu za MARC, muundo wa rekodi za katalogi: 100 ya mwandishi, 245 ya kichwa cha kitabu, 650 ya mada. Kisha jiulize mwanafunzi wako angekitafuta kwa neno gani. Chuoni utakutana na Koha, programu ya kuendeshea maktaba iliyoanzia New Zealand na kuanza kutumika mwaka 2000. Ni ya bure, na maktaba nyingi za vyuo nchini zinaitumia. Ukiwa umezoea rekodi za mkono, Koha haitakutisha.

Sehemu ninayoipenda zaidi katika masomo haya ni ile ya tabia ya watu katika kutafuta taarifa. Ndipo fani inapoacha kuwa ya makabati na kuwa ya binadamu. Kuhlthau, katika maandishi yake ya mwaka 1991, alionyesha kwamba mtu anayetafuta taarifa kwa kazi nzito hupita hatua sita, na kila hatua ina hisia zake. Mwanzoni kuna wasiwasi. Akishachagua mada anapata matumaini. Kisha anapoanza kuchunguza, matumaini yanaporomoka: anachosoma kinapingana, kila makala inamfungulia nyingine kumi, anaanza kudhani amekosea kuja. Ni baada ya kupata mwelekeo wake mwenyewe ndipo utulivu unarudi. Tafadhali ikumbuke hatua hiyo ya tatu. Itakufika, pengine mwezi wa tatu wa kuandika pendekezo la utafiti, na itakuja na sauti inayokuambia kwamba wewe ni mwalimu wa Nachingwea, umefuata nini huku. Wengi huacha hapo hapo, wakati wapo mahali ambapo kila mtafiti anatakiwa apite.

Marcia Bates, mtafiti mwingine wa fani hii, aliandika mwaka 1989 kwamba hakuna anayetafuta taarifa kwa swali moja na jibu moja. Mtu huokota kidogo hapa, swali linabadilika, anaokota tena kule. Mwanamke anayeokota korosho chini ya mikorosho hafuati mstari, anafuata zilikoangukia, na kapu linajaa. Ndivyo utakavyosoma.

Kusoma na kuandika kutakuwa kwa Kiingereza, na kwa mwalimu wa Kiswahili hilo lina uchovu wake. Kila wiki andika ukurasa mmoja wa muhtasari wa ulichosoma, kwa maneno yako. Daftari la uwandani liache liwe la Kiswahili.

Sasa mada. Ile ya TEHAMA katika maktaba za vyuo vikuu vya Dar es Salaam si mbaya kwa mtu anayefanya kazi humo. Kwako ina kasoro mbili. Imeshaandikwa mara nyingi, kwa hojaji zinazofanana, na matokeo karibu yale yale: vifaa ni vichache, mtandao ni wa polepole, mafunzo hayatoshi. Tena itakulazimu kubaki Dar es Salaam mwaka mzima wa pili, mbali na watoto na mshahara wako ukiliwa na pango, ukichunguza mahali ambapo hujui mtu.

Angalia ulipo. Nachingwea ipo chini ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, pamoja na Ruangwa na Liwale. Korosho, ufuta na mbaazi zinauzwa kwa minada, na siku hizi minada hiyo inapitia mfumo wa Soko la Bidhaa, TMX. Mkulima aliyepeleka gunia zake AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, anataka kujua bei ya mnada, makato, na siku ya malipo. Anazipata kwa nani? Kwa katibu wa AMCOS, kwa redio, kwa ujumbe wa simu, kwa kijana aliyetoka mjini, kwa ubao wa matangazo? Zikipingana, anamwamini yupi, na kwa nini? Mapema zaidi katika mwaka kuna swali la ubwiriunga, ugonjwa wa unga mweupe wa mikorosho, na salfa inayopuliziwa kuuzuia. Hapa Mtwara tuna kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, ambacho kwa miongo mingi kimefanya utafiti wa korosho. Maarifa yapo. Yanasafirije kutoka Naliendele mpaka shamba la mjane wa kijijini kwenu, yanapotea wapi njiani, na nani anayafasiri? Hilo ni swali la ukutubi kamili, ingawa halina kitabu hata kimoja ndani yake. Na wewe ndiye unayeweza kuliuliza, maana baadhi ya wakulima hao ni wazazi wa wanafunzi wako.

Au baki shuleni. Maktaba za sekondari za wilaya moja: nani anazisimamia, amepangiwa vipindi vingapi kwa wiki, ufunguo unakaa kwa nani, vitabu vinatoka mara ngapi. Utafiti wa aina hiyo ungemfaa ofisa elimu kesho yake asubuhi. Mimi ningeuthamini mno, kwa sababu kazi nyingi zilizopo juu ya maktaba za shule hurudia kuhesabu vitabu na hazielezi mwalimu anayeishika maktaba anaishi vipi na kazi hiyo.

Zipo mada nyingine kusini zinazovutia ambazo sikushauri kwa ngazi hii. Masjala na kumbukumbu za Mpango wa Karanga, mradi wa Waingereza wa kulima karanga wa miaka ya 1947 hadi 1951, uliojenga reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea, zimetawanyika mpaka Uingereza. Kumbukumbu za uchimbaji wa Tendaguru mkoani Lindi, ambako Wajerumani kati ya 1909 na 1913 walichimba mifupa ya dinosaria chini ya usimamizi wa uwandani wa watu kama Boheti bin Amrani, nyingi zipo Berlin na zimeandikwa Kijerumani. Natamani siku moja mtu wa Lindi aziandikie tasnifu. Ila kwa uzamili, ukiwa na mshahara wa mwalimu, chagua swali ambalo ushahidi wake unafikika kwa bodaboda.

Kumwendea msimamizi na mada tofauti na aliyoitaja si kumkosea adabu, ikiwa utakwenda umejiandaa. Andika ukurasa mmoja: swali, mahali, watu utakaowahoji, na machapisho machache uliyokwisha kuyasoma. Mwambie, "Daktari, nimeifikiria mada uliyonishauri, nikaona huenda nikaifanya nusunusu kwa sababu siko kwenye vyuo hivyo. Naomba uniangalizie hili la kwetu, nina njia ya kuwafikia hawa watu." Wasimamizi wengi wana wanafunzi wengi kuliko muda wao. Mwanafunzi anayekuja na ukurasa mmoja ulionyooka anawapunguzia kazi, na wengi hukubali. Baada ya kila kikao mtumie ujumbe mfupi wa mliyokubaliana na tarehe ya sura inayofuata. Ukikaa kimya muda mrefu, naye atakaa kimya, na ukimya wa mwanafunzi ndio unaochukuliwa kuwa ameacha.

Kalenda ya uwandani ipangwe kwa majira ya kwetu, wala usifuate jedwali la mfano la chuo. Mvua zetu huanza karibu na Desemba na kwenda hadi Aprili, na barabara nyingi za vijijini hazipitiki. Upuliziaji wa salfa unaangukia katikati ya mwaka. Kuanzia Septemba watu wapo mashambani wanaokota, na minada hufunguliwa karibu na Oktoba. Ukitaka kuwauliza juu ya dawa, nenda Juni au Julai wakati jambo lenyewe lipo mikononi mwao. Ukitaka habari za bei, kaa kwenye ghala la AMCOS msimu wa minada, ila usimchukulie mtu saa nzima siku anayosubiri mzigo wake upimwe. Ramadhani nayo iangalie, hasa kwa mahojiano ya mchana.

Barua za kibali zinachukua muda kuliko unavyotegemea. Chuo kitakupa barua ya utambulisho. Itakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, yeye atakuandikia kwenda wilayani, kutoka hapo kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Kila meza ina siku zake, na aliyesafiri huacha faili limefungwa. Toa nakala za kutosha, na usikanyage kijiji bila kupita kwa mtendaji hata kama mwenyekiti ni mjomba wako. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika, namba za simu na majina ya uliowahoji si mali ya kuacha wazi kwenye flashi. Yahifadhi kando na majibu yao.

Nikuombe kitu kimoja kuhusu mahojiano. Usimuulize mkulima, "Mahitaji yako ya taarifa ni yapi?" Swali hilo limetafsiriwa kutoka kwenye hojaji za watu wengine, na majibu yake ni adabu tupu: tunahitaji elimu, tunahitaji semina. Muulize, "Mara ya mwisho ulipoona unga mweupe kwenye maua ya mikorosho, ulimwendea nani kwanza? Akakwambia nini? Ukafanya nini?" Njia hii ya kumrudisha mtu kwenye tukio moja mahususi ilielezwa na John Flanagan mwaka 1954 katika saikolojia, na fani yetu imeiazima kwa faida kubwa. Mtu hukumbuka alichofanya vizuri kuliko anavyoweza kueleza anachohitaji. Kwa wazee wanaopata wepesi zaidi kwa Kimwera au Kiyao, tafuta msaidizi wa hapo hapo, na mweleze asifupishe majibu.

Upatikanaji wa machapisho unawatesa zaidi wanaosomea mbali. Siku ya kwanza chuoni, kabla hujajua hata kantini iko wapi, nenda maktaba ukaulize jinsi ya kuingia kwenye hifadhidata ukiwa nje ya kampasi. Maktaba za vyuo vyetu zimeungana katika COTUL ili kulipia majarida kwa pamoja, na vyuo vingi vimejisajili Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu. Wanafunzi humaliza masomo bila kujua kwamba nywila hizo ni haki yao. Nje ya hapo, makala za waandishi wa Afrika zipo AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika iliyoanza mwaka 1998, na majarida ya wazi yameorodheshwa DOAJ. Ukiwa Dar es Salaam, tenga siku kadhaa kwa mkusanyiko wa East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hata kama hujasajiliwa hapo. Uliza utaratibu wa wageni. Huko kuna vitu juu ya kusini ambavyo huwezi kuviona Lindi.

Kila unachokipata kishushe na ukitunze kwenye kompyuta yako, ukitumia Zotero, programu ya kutunza marejeo, ambayo ni ya bure na inafanya kazi bila mtandao. Nasisitiza hili kwa sababu ya Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizoikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, na kabla wiki mbili hazijaisha nyaya za baharini zikakatika, intaneti ikadorora nchi nzima. Wanafunzi waliokuwa wanategemea kusoma mtandaoni walisimama. Aliyekuwa na makala zake kwenye kompyuta na nakala kwenye flashi kwa ndugu yake aliendelea kuandika. Umeme wetu wa kusini nao unaujua, kwa hiyo betri nzima ya kompyuta ni bora kwako kuliko kompyuta mpya ya kupendeza.

Juu ya programu za akili bandia zinazoandika maandishi: zitakushawishi, hasa kwa sababu ya Kiingereza. Zitumie kusahihisha sentensi kama chuo chako kinaruhusu. Marejeo usiziachie kamwe. Huwa zinabuni makala ambazo hazipo, zenye majina ya waandishi halisi na namba za kurasa zinazoaminika. Kwa mwanafunzi wa fani nyingine ni aibu. Kwa mkutubi ni kuvunja kiapo cha kazi yake. Chochote ambacho hujakifungua kwa macho yako kisiingie kwenye orodha.

Sasa nyumbani na mfuko. Wewe ni mtumishi wa umma, hivyo kabla ya kulipa hata ada ya usajili, omba ruhusa ya masomo kwa maandishi kupitia mkuu wa shule kwenda kwa Mkurugenzi, na uulize kama jina lako linaweza kuingizwa kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Mwalimu anayeondoka kwa makubaliano ya mdomo anaweza kujikuta ameandikwa mtoro, na mshahara ukisimama masomo nayo husimama. Mikopo ya Bodi inalenga zaidi shahada ya kwanza, kwa hiyo usijenge bajeti yako juu ya bumu. Ada utaiona kwenye barua ya udahili. Gharama ambazo haziandikwi humo ni nauli za uwandani, posho ya msaidizi, kuprinti na kubaindi nakala za tasnifu mara mbili, kabla na baada ya marekebisho. Vyuo vingine hudai pia makala iliyochapishwa. Ulizia mapema.

Mwaka wa kwanza Dar es Salaam utakuwa mgumu kwa upweke na kwa foleni. Chumba karibu na chuo, hata kidogo, kitakurudishia saa ambazo daladala ingezila. Kuhusu watoto siwezi kukuamulia. Ninachokiona ni kwamba wanafunzi wenye watoto wanaofika mwisho ni wale waliokaa na mume, mama au dada wakapanga waziwazi nani atafanya nini, kwa muda gani, na lini mama atarudi likizo. Waliosema tutaona mbele ya safari walirudi katikati ya muhula.

Mwaka wa pili ukirudi Nachingwea, shule itakumeza. Utapewa zamu, utapewa usimamizi wa mitihani, utaambiwa wewe si umekwisha maliza darasa? Jitengee saa mbili zisizoguswa, na kwa uzoefu wa wengi alfajiri ndiyo salama: saa kumi mpaka saa kumi na mbili, nyumba imelala, simu imezimwa. Siku nyingine aya mbili, siku nyingine jedwali moja. Chagua wenzako wawili wa darasa mbadilishane sura kila mwezi. Kundi zima la WhatsApp litageuka la pongezi na misiba, lakini watu wawili wanaosubiri sura yako watakufanya uiandike.

Kama familia itakataa kabisa uondoke, kuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chenye vituo Lindi na Mtwara. Utabaki kazini na nyumbani. Upweke wa mwaka wa pili niliokueleza utaanza tangu mwaka wa kwanza, na unatakiwa uujue. Kwako ningechagua kwenda, kwa sababu ya uainishaji hasa: hilo somo linataka ubishane na mtu aliyekaa mbele yako na kitabu hicho hicho.

Wenzako wanaocheka wasikuchoshe. Kama wapo wanaopenda kazi ya maktaba bila safari ndefu hivi, waelekeze Bagamoyo, kwenye chuo cha SLADS kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, ambako kuna ngazi za cheti na stashahada. Wewe nikuambie ukweli juu ya ajira: shahada hii haikupandishii mshahara wa ualimu yenyewe tu, na kuhamia kada ya ukutubi kunahitaji kibali na nafasi. Inayokufungulia ni milango ya maktaba za vyuo, masjala na hifadhi za nyaraka, vitengo vya taarifa vya taasisi za utafiti, na maktaba za mikoa. Kusini wakutubi wa ngazi hii ni wachache, na nafasi zinapotoka mara nyingi huchukuliwa na wageni wanaoomba uhamisho baada ya muda mfupi.

Masomo ya uzamili kwa kawaida huanza karibu na Oktoba au Novemba. Barua ya Mkurugenzi ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko yote, kwa hiyo iandike wiki hii. Kisha nenda kwa katibu wa AMCOS ya karibu, umwombe ukae naye siku moja tu pembeni ya ubao wa matangazo, uandike kila anayekuja, anauliza nini, na anajibiwa nini. Ukurasa huo utaupeleka kwa msimamizi.